Siku Aliyowagawia Abiria

Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu wa Mabanga habari za Mama Transiti, kwanza atakuambia kwamba alikuwa mchoyo wa chumvi. Ni kweli. Niliishi nyumba ya pili kutoka kwake, ukuta wa mawe ya volkano katikati yetu, na sikumbuki siku aliyonipa hata kijiko kimoja bila kunisomea kwanza hotuba juu ya watu wasiopanga maisha yao. Mpira wa watoto ukiingia uani kwake, watoto walikwenda kutafuta mpira mwingine. Lakini mwanamke huyo huyo alikuwa akimshika mkono mtu asiyemjua kabisa, mtu mwenye begi begani na tikiti ya ndege mfukoni, akamtembeza Goma mpaka saa yake ya kuondoka, akamlisha njiani, na asimdai kitu.

Jina lake nalijua, ila nitaliacha. Yeye mwenyewe hakuwahi kumuuliza abiria jina. Kwetu sote alikuwa Mama Transiti, na hata kanisani, matangazo ya akina mama yakisomwa, walimtaja hivyo hivyo na hakuna aliyecheka.

Kazi yake ilikuwa chai. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la uwanja wa ndege: mabati, jiko la makaa, birika, beseni la unga wa mandazi, na benchi refu la mbao. Goma ya siku zile ilikuwa mji wa kupitia. Vindege vidogo vya kutoka Beni, Butembo na Bunia vilileta watu asubuhi, na ndege kubwa ya Kinshasa iliondoka mchana, au jioni, au kesho yake, kutegemea mawingu na mambo mengine ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaeleza. Katikati pakabaki masaa. Abiria walitoka nje ya lango wakiwa na sura za watu waliosahauliwa, wakauliza mji huu una nini cha kuona. Waendesha pikipiki waliwajibu kwamba Goma ni mawe na vumbi, na ziwa liko palepale, hata wakirudi mwaka kesho watalikuta.

Mimi nilimjua nikiwa abiria, kabla sijahamia huku kufundisha. Nilitoka Butembo nikienda Kinshasa kwenye harusi ya kaka yangu, na safari ilikuwa imesogezwa mpaka alasiri. Niliona benchi nikataka kukaa.

— Simama! Hii benchi haiko ya watu ya transiti.

Nilimwambia nimechoka, na isitoshe nitanunua chai.

— Chai utakunywa umesimama. Ndeke yako iko saa ngapi?

Nikamtajia saa.

— Na kule unaenda, nani iko nakungojea?

— Kaka yangu.

— Muzuri. Leta hiyo begi.

Akalisukuma begi langu chini ya meza, akamwachia birika jirani yake muuza vocha, akakaza kitenge kiunoni, akanishika kifundo cha mkono. Nilidhani nimekamatwa. Huko kwetu Butembo mtu asiyekujua hakushiki hivyo isipokuwa umemwibia.

Kwanza tulikwenda Birere, katika vile vichochoro vya karibu na mpaka ambako mabunda ya vitenge yanafika juu kuliko vichwa vya wauzaji. Akanisimamisha mbele ya duka moja, akaniambia nimchagulie mama yangu kitambaa. Nikamwambia mama yangu ameshafariki. Akatazama chini, akasema:

— Chagua tu. Si lazima ununue.

Nikachagua chenye maua ya njano. Muuzaji alikuwa amekunja uso tangu alipotuona, akasema kwa sauti ya juu kwamba Mama Transiti atamfilisi na wageni wake wa kuchagua bila kununua. Mama Transiti alimjibu neno ambalo siwezi kuliandika, tukaondoka. Kisha alinipeleka kwenye uwanda wa mawe meusi, pale moto wa mlima uliposhuka ukapita juu ya nyumba za watu, akanisimamisha na kuniambia chini ya miguu yangu kuna jiko lake la zamani, na sufuria bado iko juu ya mafiga. Kutoka hapo ziwani. Nikavua viatu nikaosha miguu, tukala sambaza wa kukaangwa na ndizi, wale samaki wadogo wanaoliwa na vichwa vyao. Na tulipokuwa tunarudi akanisimulia kisa cha mbuzi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtu alimpakia mbuzi kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, akatoka naye Sake kumpeleka sokoni. Mteremkoni breki zikakataa. Mtu akaruka, mbuzi akabaki. Mbuzi akafika Goma peke yake, amesimama juu ya chukudu, na wateja wakamwendea kwa heshima wakamuuliza: muzee, hii chukudu unauzisha?

Nilicheka. Sijui kama ni kisa au ni uchovu. Aliniangalia nikicheka mpaka nikamaliza, akapumua kama mtu aliyetua gunia, akanirudisha langoni. Nimesafiri baada ya hapo, nimekaa katika miji yenye bustani na sanamu, lakini nikiulizwa siku yangu moja nzuri njiani, kwa miaka mingi nilikuwa naitaja ile.

Nilipohamia Mabanga na kuwa jirani yake ndipo nilipogundua kwamba siku yangu haikuwa yangu. Kila abiria alipewa hiyo hiyo. Birere, kitambaa cha mama, mawe, miguu majini, sambaza, mbuzi. Mvua inyeshe, jua liwake. Masaa yakiwa machache alikimbia, yakiwa mengi alitembea polepole, lakini hakuruka kituo hata kimoja wala hakuongeza. Nilimwambia mara moja kwamba yule mhandisi aliyekuja juzi angependa kuona wanavyochonga chukudu. Akanijibu kwamba kama nina abiria wangu nimpeleke ninakotaka.

Hakuwa mwanamke mtamu, nisije nikampaka asali. Abiria waliokataa kumfuata aliwanunia hadharani. Kuna mfanyabiashara mmoja mnene aliyetaka kulala tu, akajinyosha kwenye benchi na kofia usoni. Mama Transiti alimmwagia maji ya kusuzia vikombe, ikawa kesi, polisi wa lango wakaitwa, na yeye akawa anapiga kelele kuliko aliyelowa. Kuna sista mmoja ambaye alicheka kabla kisa cha mbuzi hakijafika mteremkoni, akalazimishwa kukisikiliza tena tangu mwanzo. Na kuna mjane aliyekuwa akienda kumzika mumewe, ambaye hakucheka kabisa. Mama Transiti alimsimulia mara ya pili, akaigiza sauti ya mbuzi katikati ya barabara, pikipiki zikapiga honi. Yule mama alimtazama kwa huruma tu. Siku hiyo Mama Transiti alifunga kibanda mapema, na kesho yake hakufungua.

Alikuwa na misemo yake. «Saa ya kungojea nayo ni saa ya kuishi,» hiyo aliwaambia abiria. Akisikia watu wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, aliwajibu kwamba mgeni wake hafiki hata jioni, jembe atalishika lini? Abiria akirudi baada ya miaka na kumkumbatia, alijitoa taratibu. «Wewe nilishakupa siku yako,» alisema, akaendelea kukanda unga. Yeye mwenyewe hakupanda ndege maishani mwake. Ndege ikinguruma kuanza kupaa, aliingia nyuma ya mabati akakaa huko mpaka sauti iishe.

Sababu ya hayo yote watu waliijua, au walidhani wanaijua. Miaka mingi kabla sijamfahamu, kulikuwa na binti mmoja aliyekuja na kindege cha asubuhi kutoka Bunia, akangoja Goma masaa kadhaa, akapanda ndege ya mchana kwenda Kinshasa kuanza masomo. Ndege ile haikufika. Ilianguka msituni. Binti alikuwa mtoto wa vilima vya Masisi, watu wa ng'ombe, ila aliondoka kwao mdogo akalelewa na shangazi yake Bunia, na Goma hakuwa anamjua mtu. Mama yake alikuwa huko juu vilimani, karibu hivi kwamba siku ya jua unaviona vilima vyao ukiwa mjini. Lakini barabara ya kupanda ilikuwa imefungwa na vita. Mtoto akapita chini ya macho ya mama yake, na hawakuonana.

Huku kwetu mtu akifa, matangani lazima mmoja asimame aeleze. Aeleze ugonjwa ulianzaje, nani alikuwa naye, alikula nini mwisho, alisema nini. Bila hayo watu wanarudi makwao na njaa hata kama wamelishwa. Sasa kwa mtu aliyekufa angani, nani atasimama? Ndugu walikwenda uwanjani wakiuliza huku na huku, na mwendesha pikipiki mmoja akasema alimwona binti yule akizungumza na mama wa chai. Wakamfuata. Wakamleta matangani kwa pikipiki, bado ana unga kwenye viganja, wakamsimamisha mbele ya mama mzazi ambaye alikuwa ameshuka kwa miguu kupitia njia za porini.

Akaeleza. Maneno yake niliyasikia mara nyingi kwa watu waliokuwepo, hayabadiliki. Kwamba alimtembeza binti mji mzima. Kwamba Birere binti alimchagulia mama yake kitenge cha kijani, akasema atakinunua akirudi. Kwamba alisimama juu ya mawe, akaosha miguu ziwani, akala sambaza mpaka akalamba vidole. Kwamba alicheka sana kwa kisa cha mbuzi, na aliingia langoni moyo wake mweupe. Mama mzazi alisikiliza bila kutoa chozi, mwisho akainuka akamkumbatia. Watu wakasema mtoto yule alikuwa na bahati, siku yake ya mwisho alilelewa.

Kwa hiyo sote tulielewa: Mama Transiti anarudia siku ya marehemu kwa kumkumbuka. Nilimheshimu kwa hilo, nikamsamehe na chumvi yake.

Kisha vita viliingia mjini kwenyewe. Siku za risasi tulilala chini ya vitanda, na zilipopita uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa. Mpaka leo hakuna ndege ya abiria inayotua. Anayetaka kusafiri anavuka mpaka, au anapanda meli kwenda Bukavu. Mama Transiti alijaribu kwenda bandarini kushika watu mikono, lakini watu wa meli wanajua waendako na wana mizigo ya kulinda. Mmoja alimpigia kelele za mwizi. Akarudi nyumbani. Alianza kukonda. Asubuhi nilimwona uani amefunga kitenge cha kutokea, amesimama tu, na mimi nikapita zangu kwenda shuleni.

Mchana mmoja akaja kwangu kuomba chumvi. Nikajua kuna jambo.

— Madamu, ule mama ya Masisi iko Goma.

— Mama gani?

— Ya ule mutoto.

Akanieleza akiwa amesimama mlangoni. Mama mzazi alikuwa ameteremka kitambo, vilima vilipowaka. Alikaa Mugunga kwenye mahema, na kambi zilipovunjwa akahifadhiwa na ndugu. Sasa mwanawe wa kiume alikuwa anamwita Uganda, na kwa umri wake hakutegemea kurudi. Alikuwa ametuma mtu na ombi moja. Kabla hajaondoka alitaka kutembezwa njia ile aliyotembezwa mtoto wake, aione kwa macho.

— Basi utampeleka, nikasema. Hiyo njia unaijua hata ukifumba macho.

— Madamu, ule mutoto sikumupelekaka fasi yoyote.

Hakumpeleka mahali popote? Nilidhani sikumwelewa. Akakaa chini kwenye kizingiti, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikaa, akaniambia. Binti alikuja mezani akamuuliza mji huu una nini cha kuona, kwa sababu ndege yake ni ya mchana na hana mtu anayemjua. Asubuhi hiyo mandazi yalikuwa yameungua, wateja walikuwa wamemtukana. «Nikamuambia, Goma iko mawe tu. Kaa pale kwa benchi, ungoje.» Akakaa. Akakaa mpaka wakamwita.

— Na matangani?

— Walinisimamisha, madamu. Ule mama iko naniangalia. Ningemuambia benchi?

Nilikasirika, na sitaficha. Nilifikiria ile siku yangu nzuri, kitambaa cha maua ya njano, maji ya ziwa miguuni, nikajiona nimevishwa nguo ya marehemu bila kuulizwa. Na wale wote wengine, mhandisi, sista, mjane. Alikuwa anatuita mmoja mmoja tusaidie kuufanya uongo wake uwe kweli. Nikamwambia amwambie mama wa watu ukweli, hata kesho, kabla hawajapiga hatua ya kwanza.

— Banasema njia ya muongo ni fupi, akasema. Ya kwangu imenitembeza miaka hii yote.

Akaondoka na chumvi yangu.

Asubuhi yake niliwasindikiza, kwa sababu magoti ya Mama Transiti yalikuwa hayaaminiki tena. Mama mzazi alikuwa mrefu, mkavu, rozari shingoni, shuka moja begani kama wanavyovaa kwao. Walisalimiana kwa kushikana mabega muda mrefu. Nilingoja Mama Transiti aanze kusema. Akakaza kitenge, akasema: «Tuende, mama.»

Birere, duka lilikuwa lilelile, muuzaji mwingine. Mama mzazi akapitisha kiganja juu ya vitambaa akagusa cha kijani.

— Ilikuwa hii?

— Ilikuwa kijani zaidi.

Nilimkanyaga mguu. Hakunitazama. Juu ya mawe alisema binti alisimama hapa, akarekebisha, hapa. Kila alipodanganya sauti yake ilipungua, mpaka tulipofika ziwani nilikuwa namsikia kwa shida. Mama mzazi alivua viatu akaingiza miguu majini akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo. Alipotoka, sambaza walikuwa wameshaletwa, sahani imejaa, na ndizi pembeni. Hakugusa, akataka kujua kama ndio wenyewe.

— Njo hizi alikula?

Mama Transiti alifungua mdomo ukabaki wazi. Nikajua sasa atasema.

— Njo hizi, akasema.

Mama mzazi akaisogeza sahani taratibu mpaka ikafika upande wa pili wa meza.

— Sisi watu ya ngombe, samaki hatukulaka. Kwetu mutu akila samaki, haguse chombo ya maziwa. Na mutoto wangu, hata harufu tu, anatapika. Kule Bunia shangazi yake alikuwa anamupikia chakula yake pembeni.

Hakusema kwa ukali. Mama Transiti alianza kutetemeka, kwanza mikono, halafu mwili wote, na mimi nikaangalia ziwa.

— Ulijua tangu lini? aliuliza mwishoni.

— Tangu matanga.

— Juu ya nini haukuniambia?

— Mbele ya watu? Ulikuwa natetemeka vile uko natetemeka sasa. Na mimi nilikuwa na shida na hiyo siku, mama. Mutoto wangu alipita hapa, karibu na mimi, sikumuona. Nilikuwa narudi kule juu na nini? Nikabeba yako. Nimeibeba mpaka leo, hata kwa mahema nilikuwa nayo. Nilitaka kuiona kwa macho, hata kama haiko ya kwake. Sasa nimeiona. Nipe ile ya kwake.

Mama Transiti akaisema. Benchi, mawe tu, kaa pale. Aliisema yote kwa pumzi moja huku akilia, kamasi na machozi pamoja, na muuza samaki akaondoka karibu yetu kwa heshima. Mama mzazi akaomba aonyeshwe.

Tulikwenda kwa pikipiki. Lango la uwanja lilikuwa na mlinzi mwenye bunduki aliyetutazama kisha akachoka kututazama. Kwenye kibanda palikuwa pamebaki miti minne na bati moja. Benchi halikuwepo, siku za risasi Mama Transiti alilipasua akalipikia. Akaonyesha kwa mkono lilipokuwa, na mama mzazi akakaa hapo hapo chini, juu ya changarawe nyeusi, mgongo umenyooka. Barabara ilikuwa na watu wachache. Hakuna aliyetangaza safari yoyote.

— Alikunywa chai?

— Hapana. Aliomba maji. Nikamupa.

— Alivua viatu?

— Alivua. Akaipanga vizuri chini ya benchi.

— Begi yake?

— Aliibeba kwa magoti.

— Alikuwa naangalia wapi?

Mama Transiti akanyosha kidole magharibi, juu ya mapaa.

— Kule kwenu. Tangu alikaa mpaka wakamuita. Kwa vilima.

Mama mzazi aligeuka akaangalia huko. Alikaa sana. Mimi nilisimama kwenye jua nikiona aibu ya kuwepo, natamani kuondoka na nashindwa. Hatimaye akanyosha mkono nikamsaidia kuinuka, akakung'uta vumbi kwenye shuka.

— Ile benchi, mama, siwezi kukusamehe, akasema. Nimejaribu hapa nimekaa, imenishinda. Maji, nakushukuru.

Akamshika mabega kama asubuhi, akapanda pikipiki. Hatukumwona tena, nasikia alifika salama kwa mwanawe.

Tulirudi Mabanga kwa miguu, mimi nikimshikilia mkono, tukipumzika kila penye ukuta. Uso wake ulikuwa umevimba. Nilitaka kumwambia kwamba amefanya vyema, kwamba sasa mzigo umetua. Kilichonitoka kikawa swali.

— Mama, ni kweli alikuwa anaangalia vilima?

Alitembea kidogo kwanza.

— Nitajua wapi, madamu? Sikumuangalia. Nilikuwa na mandazi kwa mafuta.

— Na viatu? Na begi?

— Sikumuangalia hata mara moja. Sura yake niliijua kwa matanga, ile picha kwa meza.

Nikaogopa kuuliza, nikauliza.

— Na maji?

— Maji nilimupa. Hiyo ni kweli ya Mungu. Aliomba, nikanyosha mukono nyuma na kikombe, nikasikia ameipokea.